Kianzio cha nyumba hapa Columbus, Ohio: tulivyopata msaada, na namna ya kuusoma mtaa kabla hujauomba

Ijumaa ya tarehe 25 Oktoba 2024 mimi na mume wangu tulitia saini rundo la karatasi, tukakabidhiwa funguo mbili na kidude cha kufungulia mlango wa gereji. Nyumba ilikuwa dola 228,000. Pesa yetu wenyewe iliyotoka siku ile ilikuwa dola 1,580, mbali na dola 750 za ukaguzi tulizokwishalipa kabla. Mimi ni mhudumu wa wagonjwa kwenye nyumba ya wazee, nafanya shifti ya usiku. Mume wangu yuko ghalani. Hatuna ndugu tajiri, na miaka yote tuliyokaa apatimenti karibu na Morse Road tuliamini kwamba bila asilimia 20 ya bei mkononi, ya kulipa mwanzoni kama kianzio, mtu asijisumbue.

Tangu siku hiyo naulizwa sana. Wanaoniuliza ni wenzangu wa kazini, Wakongo, Wakenya, Watanzania wenzangu, na nimeona wengi wanaanzia pale pale tulipoanzia sisi: wanatafuta nyumba kwanza, wakiipenda ndipo wanakimbilia kutafuta msaada wa kianzio. Sisi tulikosea hivyo hivyo na tukapoteza miezi. Msaada unatangulia, na kabla hujauchagua uujue mtaa unaotaka kununua nyumba, kwa sababu msaada unaofaa mtaa mmoja unaweza kukufanya ushindwe katika mtaa wa pili. Nitaeleza kwa mpangilio ambao ningeufuata kama ningeanza upya leo.

Kwanza, kianzio chenyewe ni kiasi gani

Ile asilimia 20 si sharti la kununua. Ni kiwango ambacho ukikifikisha kwenye mkopo wa kawaida huhitaji kulipa bima ya mkopo, ile inayomlinda mkopeshaji usipolipa, basi. Mkopo unaodhaminiwa na FHA, idara ya nyumba ya serikali kuu, unataka asilimia 3.5 ukiwa na alama za krediti, yaani alama za historia yako ya kulipa madeni, 580 au zaidi. Ukiwa kati ya 500 na 579 unataka asilimia 10. Mikopo ya kawaida ipo ya asilimia 3 kwa mnunuzi wa mara ya kwanza. Askari wa zamani wana mkopo wa VA usiodai kianzio, na USDA, wizara ya kilimo, nayo haidai kianzio kwa nyumba zilizo maeneo ya mashambani na miji midogo. Usidharau hiyo ya USDA. Ukitoka nje kidogo ya kaunti ya Franklin, zipo sehemu ambazo ramani yao inazikubali, na ramani iko wazi kwenye tovuti yao, unaandika anwani tu.

“Mnunuzi wa mara ya kwanza” nao ni msemo unaopoteza watu. Kwa programu nyingi maana yake ni mtu ambaye hajamiliki nyumba ya kuishi kwa miaka mitatu iliyopita. Kwa hiyo aliyewahi kumiliki akauza zamani, anaweza kurudi kwenye foleni.

Jambo moja la uhamiaji nalisema wazi maana limewaumiza watu: tangu tarehe 25 Mei 2025 mtu ambaye si raia wala hana ukazi wa kudumu hapati tena mkopo wa FHA kama zamani. Kama uko hapa kwa kibali cha kazi tu, usipoteze ada na muda huko. Nenda ukaulize mikopo ya kawaida, ambako mkazi halali asiye wa kudumu bado anaweza kukubaliwa, na uulize kwa benki zaidi ya moja.

Sasa, sura za msaada

Neno “msaada” linatumika kwa vitu vinne tofauti. Upo wa ruzuku, unaopewa bila kurudisha. Upo wa mkopo unaosamehewa ukikaa ndani ya nyumba muda uliopangwa. Mwingine ni mkopo unaosubiri: hulipi chochote kila mwezi, ila siku ukiuza au ukibadilisha mkopo wako (kuchukua mpya na kulipa ule wa zamani) unaurudisha wote. Na wa mwisho ni mkopo wa pili wa kawaida, unaulipa kila mwezi sambamba na mkubwa. Ukiambiwa na mtu yeyote kwamba una msaada wa dola elfu kumi, swali lako la kwanza liwe ni wa aina gani kati ya hizi nne, na la pili, nini kinatokea nikihama mwaka wa tatu.

Sisi wa Ohio tuna shirika la jimbo la nyumba, OHFA. Programu yao tuliyoitumia inaitwa Your Choice! na inakupa asilimia 2.5 au 5 ya bei ya nyumba, unachagua mwenyewe. Pesa hiyo unaweza kuitumia kwenye kianzio na kwenye gharama za kukamilisha ununuzi. Inasamehewa baada ya miaka saba. Ukiuza nyumba au ukibadilisha mkopo kabla ya miaka hiyo saba, unairudisha yote. Wana pia mpango kwa waliohitimu chuo karibuni, na mwingine wenye riba ya chini kidogo kwa walimu, askari, zimamoto na wafanyakazi wa afya. Ukifanya kazi hospitali au nyumba ya wazee kama mimi, uliza cheo chako kama kimo, usikae kimya. Kuna ukomo wa kipato na wa bei ya nyumba, unaotofautiana kaunti kwa kaunti, na lazima usome darasa la wanunuzi.

OHFA hawakukopeshi moja kwa moja. Unakwenda kwa benki au kampuni ya mikopo iliyo kwenye orodha yao. Hapa ndipo panapohitaji umakini, maana kuwa kwenye orodha ni jambo moja na kuijua kazi ni jambo jingine. Mkopeshaji wetu wa kwanza alikuwa kwenye orodha, akatuambia msaada huo “unachelewesha sana” na kwamba tuachane nao. Tulimwamini kwa wiki sita. Baadaye nikajifunza kuuliza hivi: mwaka huu umeshakamilisha mikopo mingapi ya OHFA, na mingapi kati ya hiyo ilikamilika tarehe iliyoandikwa kwenye mkataba? Yule wa pili alijibu papo hapo, kwa namba. Tukabaki naye.

Upo pia mfuko uitwao Welcome Home, wa Federal Home Loan Bank ya Cincinnati, kwa watu wa Ohio, Kentucky na Tennessee wenye kipato kisichozidi asilimia 80 ya kipato cha kati cha eneo lao. Hiyo ni ruzuku, na miaka ya karibuni imefika hadi dola 20,000. Unaipata kupitia benki mwanachama, unatakiwa uweke angalau dola 500 zako, na unafungwa na sharti la kubaki na nyumba miaka mitano. Tatizo lake ni muda. Fungu hufunguliwa mara moja kwa mwaka, majira ya kuchipua, na huisha upesi. Sisi tuliisikia mwezi wa tano. Benki tuliyokwenda ikatuambia fungu lao limekwisha. Kama unasoma haya wakati wa baridi, una bahati. Mwezi wa kwanza piga simu benki mwanachama uulize wanaanza lini, uwe na karatasi zako tayari, na uwe umekwishaanza kutafuta nyumba.

Msaada una bei yake, ipigie hesabu

Hili ndilo sikuambiwa na mtu, niliketi mwenyewe na kikokotoo baada ya shifti.

Kwa nyumba ya dola 228,000, asilimia 3.5 ya FHA ni dola 7,980. Gharama za kukamilisha, pamoja na bima ya nyumba ya mwaka na pesa ya kuanzisha akaunti ambayo mkopeshaji huitumia kulipa kodi ya nyumba, zilikuja kama dola 9,000. Jumla karibu dola 17,000. Muuzaji alikubali kutuchangia dola 4,000. OHFA kwa asilimia 5 walitoa dola 11,400. Ndiyo maana tukabakiwa na dola 1,580.

Lakini riba. Bila msaada tulikuwa tumepewa asilimia 6.25, pamoja na msaada ikawa 6.875. Kwa mkopo wetu tofauti hiyo ni kama dola 92 kila mwezi. Zidisha kwa miezi 84, ambayo ndiyo miaka saba, utapata zaidi kidogo ya dola 7,700. Kwa hiyo “zawadi” ya dola 11,400 mwisho wa mwaka wa saba imekuwa zawadi ya dola 3,700 hivi, na ukiendelea na mkopo ule ule bila kuubadilisha, baada ya miaka kumi na kitu faida yote imekwisha. Bado tuliichukua, na ningeichukua tena, kwa sababu akiba yetu yote ilikuwa dola 9,000 na bila msaada tungehitaji karibu 13,000. Kungoja miaka miwili mingine huku kodi ya pango ikipanda kila tukisaini upya kungetugharimu zaidi. Ila mwenzangu aliyekuja kuniuliza akiwa na akiba ya dola 15,000 nilimshauri achukue asilimia 2.5 tu, au asichukue kabisa, aombe mchango wa muuzaji. Kila mtu na hesabu yake. Mwambie mkopeshaji akupe karatasi iitwayo Loan Estimate, ya makadirio ya mkopo, kwa hali zote mbili, yenye msaada na isiyo na msaada, uziweke mezani moja kando ya nyingine. Ukishawasilisha maombi kamili, sheria inamtaka akupe karatasi hiyo ndani ya siku tatu za kazi.

Na bima ya mkopo wa FHA usiisahau: asilimia 1.75 inaongezwa kwenye mkopo siku ya kwanza, halafu wengi tunalipa asilimia 0.55 kwa mwaka. Kwetu ni kama dola 101 kila mwezi, na kwa aliyeweka kianzio chini ya asilimia 10 haitoki mpaka mkopo uishe au ubadilishwe. Kwenye mkopo wa kawaida ni tofauti, ukifikia deni la asilimia 80 ya thamani unaomba iondolewe, na kwa asilimia 78 mkopeshaji analazimika kuiondoa mwenyewe.

Pesa ya upatu

Hapa nataka nikae kidogo, maana wengi wetu tunaweka akiba kwa njia hii.

Tulikuwa wanawake 12, kila mmoja dola 500 kwa mwezi, anayepokea anapokea dola 6,000. Zamu yangu ilifika mwezi wa saba. Kijumbe wetu alinikabidhi bahasha jikoni kwake, tukahesabu noti pamoja, kesho yake nikaziweka benki zote kwa mkupuo. Mwezi wa tisa mkopeshaji alitaka taarifa za benki za miezi miwili, akaiona hiyo dola 6,000 taslimu, akasimamisha faili letu. Anataka kujua imetoka wapi. Kwao, pesa kubwa isiyo na maelezo inaweza kuwa mkopo wa siri, na mkopo wa siri unabadilisha hesabu ya uwezo wako wa kulipa.

Nililia siku ile. Nilidhani nimeharibu kila kitu. Kumbe kitabu cha kanuni za FHA kinaitambua pesa ya vikundi vya kuweka akiba kama chanzo halali, ilimradi uthibitishe kwamba kikundi kipo, kimedumu muda gani, na kwamba kweli ulipokea. Tulichowapelekea ni picha za kurasa za daftari la kijumbe, zenye majina na tiki za kila mwezi. Barua yake iliyoeleza kikundi kilianza lini na mimi nilipokea tarehe ngapi. Na taarifa zangu za benki zikionyesha nikitoa dola 500 kila mwisho wa mwezi. Daftari liliandikwa Kiswahili, wakataka tafsiri. Siku tisa zikapotea, lakini ilikubaliwa.

Basi kama uko kwenye upatu na unafikiria nyumba: lipa michango yako kwa njia inayoacha alama benki, mwombe kijumbe aandike tarehe na sahihi, na pokea kwa hundi au kwa kuhamishiwa ikiwezekana. Pesa ya ndugu nayo inakubalika kama zawadi, kwa barua ya zawadi inayosema haitarudishwa na karatasi inayoonyesha imetoka akaunti gani. Fedha taslimu iliyokaa chini ya godoro haina ushahidi, na kuipeleka benki wiki mbili kabla ya maombi ni kujitafutia maswali. Ipeleke mapema, miezi kabla.

Ovataimu pia iliniangusha. Nilikuwa najisifu kwa saa nilizokuwa nikifanya, lakini mkopeshaji aliangalia historia ya miaka miwili akachukua wastani, na mwaka wa kwanza sikuwa na ovataimu nyingi. Kazi ya pili hali kadhalika, ukiianza leo haitakusaidia mwezi ujao.

Kuusoma mtaa

Bei za Columbus zimebadilika mbele ya macho yetu. Januari 2021 wastani wa riba ya mkopo wa miaka 30 nchini ulishuka hadi asilimia 2.65, Oktoba 2023 ukafika asilimia 7.79. Aliyenunua au kubadilisha mkopo wakati ule wa riba ya chini hataki kuuza, maana akihama anakwenda kulipa riba maradufu. Kwa hiyo nyumba zilizo sokoni ni chache. Ongeza tangazo la kiwanda cha vichipu vya kompyuta cha Intel, kaunti jirani ya Licking, mnamo Januari 2022, na watu wanaoendelea kuhamia. Kaunti ya Franklin ilipofanya tathmini mpya mwaka 2023, thamani za nyumba za kuishi zilipanda kwa wastani wa asilimia 41.

Hayo ni ya jumla, na ya jumla hayakununulii nyumba. Unachohitaji ni kujua mtaa mmoja mmoja, na kwa bei yako tu. Mimi nilifanya hivi kila Jumapili. Nafungua tovuti ya matangazo ya nyumba, naandika namba ya posta, naweka kikomo cha bei yetu. Nahesabu zinazouzwa leo. Kisha nahesabu zilizouzwa siku 30 zilizopita kwa bei hiyo hiyo. Nagawanya ya kwanza kwa ya pili. Mtaa wa kwanza tuliokuwa tukiupenda ulikuwa na nyumba 24 zinauzwa na 22 zilizouzwa: akiba ya mwezi mmoja na siku chache, yaani zote zingeisha kwa muda huo kama hazingeongezwa nyingine. Wa pili ulikuwa na 40 zinauzwa na 16 zilizouzwa: miezi miwili na nusu. Wenye kazi hii husema soko lenye usawa ni la miezi mitano hadi sita, kwa hiyo hata huo wa pili ulikuwa wa wauzaji. Lakini tofauti ya mmoja na mwingine tuliiona kwa macho.

Katika mtaa wa kwanza tulitoa ofa nyumba tatu na kushindwa zote tatu. Moja ilipata ofa kumi na moja kwa siku mbili. Muuzaji mwenye ofa kumi na moja, mbili kati yake za fedha taslimu, hana sababu ya kusubiri karatasi za FHA na OHFA. Hakutuchukia. Alichagua njia fupi. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba msaada wa kianzio na hali ya mtaa ni jambo moja.

Kwa hiyo tukahamia mtaa wa pili, na tukaanza kutazama nyumba zilizokaa sokoni zaidi ya wiki tatu, hasa zilizokwishapunguzwa bei. Nyumba yetu ilikuwa imekaa siku 34. Ilianza dola 239,900 ikashushwa hadi 229,900. Zulia lilikuwa la rangi ya haradali na jikoni kulikuwa na kabati moja lisilofunga, basi, vitu vya kuwakimbiza watu wanaopenda picha. Tukatoa ofa ya 228,000 na kuomba mchango wa 4,000. FHA inamruhusu muuzaji kuchangia hadi asilimia 6 ya bei. Kwenye mkopo wa kawaida wenye kianzio kidogo mwisho ni asilimia 3. Katika mtaa wenye ofa kumi na moja usiombe mchango huo. Katika nyumba ya siku 34, omba.

Kabla ya ofa dalali wetu alimpigia dalali wa muuzaji, akamweleza OHFA ni nini na akamuunganisha na mkopeshaji wetu. Simu ile ya dakika tano ilitusaidia kuliko barua yoyote. Uliza dalali wako kama yuko tayari kufanya hivyo. Na ujue kwamba tangu Agosti 2024 madalali wengi lazima wasaini nawe makubaliano ya maandishi kabla ya kukupeleka kuona nyumba. Ada yake imeandikwa humo, inajadiliwa, na muda wa makubaliano pia unajadiliwa. Sisi tuliomba yawe ya siku 60 badala ya miezi sita, akakubali.

Tovuti ya mkaguzi wa hesabu wa kaunti ya Franklin ni ya bure na kila mtu anaweza kuingia. Andika anwani, utaona nyumba iliuzwa lini na kwa bei gani, ilijengwa mwaka gani, na kodi yake ya mwaka. Tazama kodi hiyo vizuri. Nyumba mbili za bei moja, katika wilaya mbili za shule, zinaweza kutofautiana dola mia moja au zaidi kwa mwezi, na hiyo mia inaingia kwenye hesabu ya uwezo wako sawa na riba.

Rangi inayobanduka, bomba, na hewa ya chini

Mtathmini wa FHA, anayetumwa kupima thamani ya nyumba, haangalii bei tu, anaangalia pia usalama. Nyumba yetu ni ya 1962, na kwa nyumba zilizojengwa kabla ya 1978 rangi inayobanduka ni kosa, kwa sababu ya madini ya risasi. Kwenye fremu ya mlango wa gereji rangi ilikuwa imejikunja kama magamba ya samaki, sehemu isiyozidi urefu wa mkono wangu. Hiyo peke yake ilisimamisha mkopo hadi muuzaji alipoikwangua na kupaka upya, na mtathmini akarudi kutazama. Sasa nikienda na rafiki kuangalia nyumba ninazunguka nje kwanza, natazama fremu, madirisha, kingo za ngazi zisizo na mkono wa kushikia. Ukiviona mapema, viandike kwenye ofa.

Mtathmini si mkaguzi. Lipa mkaguzi wako mwenyewe, na kwa mitaa ya zamani ya hapa ongeza kamera ya bomba la maji taka, kwa sababu mabomba ya udongo ya zamani huingiwa na mizizi. Letu lilikuwa na mizizi kwenye kiungio kimoja, tukaomba lisafishwe kabla ya kutia saini. Na pima radoni, gesi isiyo na rangi wala harufu inayopanda kutoka ardhini na kusababisha saratani ya mapafu. Kaunti ya Franklin iko katika kundi la juu kwenye ramani ya EPA, shirika la serikali la mazingira. Kikomo chao cha kuchukua hatua ni pikokyuri 4 (kipimo cha mionzi) kwa lita ya hewa. Sisi tulipata 6.1, muuzaji akaweka bomba na feni ya kuitoa.

Wiki ya mwisho

Usifungue mkopo mwingine wowote, hata wa kochi. Karatasi ya Closing Disclosure, yenye gharama za mwisho za mkopo, lazima uipate siku tatu za kazi kabla ya kusaini. Ilinganishe na ile ya mwanzo, mstari kwa mstari, na kitu kilichopanda uliza kwa maandishi. Hapa Ohio kodi ya nyumba hulipwa kwa kuchelewa, kwa hiyo muuzaji anakuachia pesa ya kodi ya muda aliokaa yeye. Hakikisha mstari huo upo.

Ukipata barua pepe inayosema akaunti ya kupelekea pesa imebadilika, usitume. Piga simu kwa namba uliyoichukua mwenyewe siku ya kwanza, usitumie iliyo kwenye barua hiyo. Mama mmoja ninayemfahamu alikaribia kupoteza akiba yake yote hivyo, akaokolewa kwa kuwa alipiga simu kuuliza saa za ofisi.

Kama lugha inakutatiza, HUD, wizara ya nyumba ya Marekani, ina washauri wa nyumba walioidhinishwa, namba yao ni 800-569-4287. Omba mkalimani wa Kiswahili. Sisi tulipoomba tuliunganishwa kwa simu, na mshauri alikaa nasi saa nzima akipitia deni moja moja bila kutuharakisha. Mpigie huyo kabla ya benki na kabla ya dalali.

Na baada ya kuhamia, barua za mkopeshaji zifungue zote. Mwaka wa kwanza akaunti ya kodi na bima hupigwa hesabu upya, na malipo ya mwezi yanaweza kupanda hata kama riba yako haibadiliki. Ya kwetu ilipanda dola 64. Barua ya OHFA nimeiweka kwenye faili moja na hati ya nyumba, na juu yake nimeandika kwa kalamu nyekundu: Oktoba 2031. Kabla ya hapo, mtu yeyote akitupigia simu kutuuzia mkopo mpya wa riba nafuu, tunaanza kwa kuondoa dola 11,400 kwenye hesabu yake.